Ngonga: watu wazima, imani ya kipaimara

Haya wadau, leo siasa naiweka pembeni. Leo nataka kugombana na kanisa. Kabla hujafunga ukurasa huu ukidhani kijana wa Kyela kakengeuka kwa sababu ya kukaa mjini, nivumilie kidogo. Mimi ni mtoto wa kanisa. Nilibatizwa mchanga, nikapata kipaimara nikiwa kidato cha pili, nikaimba kwaya ya vijana mpaka sauti ilipovunjika na mwalimu wa kwaya akanihamishia kwenye kubeba spika. Kwa hiyo ugomvi huu ni wa ndani ya nyumba.

Nilikuwa nyumbani, Ngonga. Kwa nyie mnaoijua Kyela kwa mchele peke yake, nawaongezea: kuna kakao pia, kuna migomba na miembe kila kona, kuna mvua inayonyesha mpaka mito inahamia sebuleni, na kuna baiskeli nyingi kuliko unavyoweza kufikiri. Nilikwenda kumwona mama mdogo wangu, ambaye mwaka jana alipata kiharusi. Mkono wake wa kushoto mpaka leo haushiki jembe. Anaongea vizuri ila polepole, na akichoka mdomo unaenda upande.

Mama mdogo alikuwa na presha kwa miaka mingi. Alikuwa anachukua vidonge vyake zahanati na kuvimeza bila kukosa, mtu wa nidhamu. Kisha akaja nabii mmoja (jina lake nalihifadhi, na wala hakuwa wa kwanza kupita Kyela) akapiga hema, akauza maji na mafuta. Mama mdogo alikuwa na hela ya kakao. Alinunua, akaombewa, halafu mtu pale kwenye hema akamwambia kwamba kuendelea kumeza dawa baada ya kuombewa ni kumwambia Mungu humwamini. Vidonge akavifunga kwenye mfuko wa nailoni, akavitia kwenye sanduku la vitenge. Miezi mitatu baadaye akaanguka shambani.

Nilimuuliza swali ambalo mwandishi wa habari yeyote angeuliza. "Mama, kabla ya kuacha dawa, ulimuuliza nani?"

Akanitazama kama vile nimeuliza kitu cha kitoto. "Nimuulize nani, mwanangu? Kanisani mimi naimba."

Wadau, sentensi hiyo imeninyima usingizi. Mama huyu yuko kwenye usharika uleule kwa zaidi ya miaka arobaini. Piga hesabu mwenyewe, ni zaidi ya Jumapili elfu mbili. Amefagia kanisa hilo, amebeba mchanga wa kulijengea, amechangia mabati na kinanda na gari la mchungaji. Katika Jumapili zote hizo elfu mbili na ushei hakuna siku hata moja ambayo mtu alikaa naye akamuuliza: wewe unaelewaje maombi? Unaelewaje uponyaji? Daktari na Mungu, kwa maoni yako, wanagombana? Nabii alikuwa mtu wa kwanza katika maisha yake kumweleza kwa mpangilio uhusiano wa dawa na imani. Alimweleza uongo, lakini angalau alimweleza.

Jumapili hiyo nilikwenda ibadani nikiwa na kijitabu changu na saa, ugonjwa wa kazi. Tuliingia saa tatu, tukatoka saa saba kasorobo. Kwaya ziliimba, nne, na moja ilirudia. Mahubiri yalichukua dakika thelathini na tano, na hayakuwa mabaya. Matangazo, pamoja na kusoma majina ya waliochangia na wasiochangia, yalichukua dakika hamsini. Mnada wa sadaka za mazao ulichukua nusu saa, na jogoo mmoja alinunuliwa akarudishwa madhabahuni mara tatu, kila mara bei ikipanda, watu wakipiga vigelegele. Napenda mnada, nisieleweke vibaya, ni burudani safi. Lakini muda wa mtu mzima kunyoosha mkono na kusema "hapo sijaelewa" ulikuwa dakika sifuri.

Huku nje chini ya mwembe, watoto walikuwa na shule yao ya Jumapili. Mwalimu anauliza: Yona alimezwa na nani? Mikono juu, "mimi! mimi mwalimu!" Nikasimama pale dirishani nikatazama huku na kule, ndani na nje, nikagundua kitu cha ajabu. Katika usharika wetu watu wanaoruhusiwa kunyoosha mkono ni wale wenye umri chini ya miaka kumi na miwili. Wakishapata kipaimara, wanavalishwa suti na gauni jeupe, wanapigwa picha, wanakula pilau, na kuanzia siku hiyo wananyamaza mpaka watakapozikwa.

Mtaniambia: kuna Jumatano! Ni kweli, kwenye ubao wa matangazo pameandikwa Jumatano saa kumi, mafundisho ya Biblia kwa watu wazima. Nikaenda. Tulikuwa sita, na mmoja alikuwa amekuja kuchukua ufunguo wa stoo. Mwinjilisti alisoma sura nzima, akaieleza kwa maneno yaleyale ya sura, akauliza kama kuna swali kwa sauti ya mtu anayeomba lisiwepo. Basi mzee mmoja akasimama, akavua kofia, akauliza. Nitaandika swali lake kwa ukamilifu kwa sababu ni swali bora kuliko yote niliyoyasikia kanisani maishani mwangu. Alisema: "Baba zetu walikuwa wanapeleka sadaka kwa Kyala kule Ikombe, pangoni. Sisi tunasali kwa Kyala hapa. Je, ni huyuhuyu? Na kama ni huyuhuyu, kwa nini tuliambiwa baba zetu walikuwa wanaabudu mashetani?"

Kwa wasio wa kwetu: Kyala ndilo jina la Mungu kwa Kinyakyusa, limo kwenye nyimbo na sala zetu zote. Lakini kabla ya wamisionari, Kyala lilikuwa jina la shujaa mkuu wa kale aliyekuwa na mahali pake pa kuheshimiwa huko Ikombe, pwani ya ziwa, milima ya Livingstone inapotumbukia majini. Monica Wilson, yule mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Unyakyusa na mumewe Godfrey miaka ya 1930, aliandika kwa kirefu habari za Kyala, za Lwembe na za Mbasi. Wamisionari walilichukua jina la Kyala wakampa Mungu wa Biblia. Jina la Mbasi likaangukia upande wa pili, likawa la Shetani. Yaani wazee wetu walihamishiwa majina kama mtu anavyohamishiwa hati ya shamba, mmoja juu, mwingine chini, na nani aliwaeleza kwa nini? Mzee wa Ngonga anaishi umbali wa siku moja ya baiskeli kutoka pango lenyewe. Ana haki ya kuuliza. Kuna wanateolojia duniani waliotunga vitabu vinene juu ya swali hilohilo.

Mwinjilisti alimjibu: "Mzee, hayo ni mambo ya mila. Tuombe Mungu atufungue." Tukafumba macho, tukaomba. Mzee akavaa kofia yake, akapanda baiskeli yake. Sitegemei kumwona tena siku ya Jumatano.

Simlaumu sana mwinjilisti. Ni kijana kama mimi, ana mitaa mitatu ya kuhudumia, posho yake ni ya kuchekesha kama isingekuwa ya kusikitisha, na hakuna mtu aliyewahi kumfundisha namna ya kuongoza mjadala. Kafundishwa kuhubiri. Kuhubiri ni kuongea huku wengine wamekaa kimya. Ukimpa mtu nyundo tu siku zote, usimlaumu akishindwa kushona nguo.

Lakini angalieni ajabu ya mambo. Ni Wanyakyusa hao tunaowazungumzia! Watu ambao wana neno ukwangala. Ukwangala ni kukaa pamoja, kupiga gumzo, kula na kunywa na kufurahiana, na wazee wetu waliamini kabisa kwamba hapo ndipo mtu anapopata akili na adabu. Anayekaa peke yake ana kasoro. Monica Wilson alivutiwa na jambo hilo kiasi kwamba kitabu chake cha mwaka 1951 kuhusu vijiji vya marika vya Wanyakyusa alikiita Good Company. Vijana wa rika moja walijenga kijiji chao, wakakaa humo wakizeeka pamoja, wakijadiliana kila kitu kuanzia ng'ombe mpaka uchawi. Jamii iliyokuwa na chuo cha watu wazima kila kijiji, bila ada, bila cheti! Na sisi tumeipeleka jamii hiyo kanisani, tukaipanga kwenye mabenchi, kila mmoja akitazama kisogo cha mwenzake.

Na msinipe ile hadithi ya kwamba ndivyo wamisionari walivyotuachia. Tusome historia kidogo. Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, wakafungua Ipyana, hapa hapa Kyela, mwaka 1894. Wajerumani wa Berlin nao walifika 1891 na baada ya muda mfupi walikuwa Ikombe. Watu wao wa kwanza kubatizwa walikuwa watu wazima. Hawakuwa na njia nyingine, hapakuwa na mtoto wa Mkristo wa kubatiza. Mtu mzima alikaa darasani muda mrefu, anauliza, anabisha: wake zangu wawili nimwache nani? Mazishi bila ngoma ni mazishi gani? Maswali mazito ya watu wenye familia na mifugo. Vita Kuu ilipofika huku mwaka 1916, wamisionari wa Kijerumani waliondolewa, na hawakurudi mpaka miaka ya katikati ya 1920. Waskoti wa Livingstonia, ng'ambo ya mpaka, walikuja kusaidia, lakini kwa sehemu kubwa makanisa yalishikwa na nani? Na wazee na walimu wa kienyeji, watu wa mashamba, ambao imani yao ilikuwa imejadiliwa mpaka ikaiva. Je, wamisionari wakiondoka leo (namaanisha mchungaji akihamishwa na mwingine asiletwe kwa miaka kumi) usharika wetu ungebaki na nini? Kwaya nne.

Tena mababu zetu walipokosa jibu hawakukaa. Katika miaka ya 1920 na 1930 yaliingia makanisa huru kutoka Nyasaland, Last Church of God and His Christ likiwa mojawapo, na yakawapokea wanaume wenye wake wengi ambao misheni iliwakatalia. Unaweza kuwasifu au kuwalaumu, ni juu yako. Ninachosema ni kwamba swali lililofungiwa mlango huku lilitokea mlango mwingine. Ndivyo maswali yalivyo.

Kinachonichekesha zaidi ni kwamba makanisa yetu yenyewe yana urithi mzuri kabisa katika jambo hili na yanaukalia kama kuku anayekalia mayai ya bata. Wamoraviani, ambao Tanzania ndiyo nchi yenye waumini wao wengi kuliko nchi yoyote duniani, wana askofu wao wa karne ya 17 anaitwa Comenius, mmoja wa mababa wa elimu ya kisasa. Mzee huyo alifundisha kwamba maisha yote ni shule, kuanzia tumboni mpaka uzeeni, na kila umri una darasa lake. Walutheri wana Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529. Luther aliiandika ili baba wa familia aitumie nyumbani, na imejengwa kwa maswali, moja baada ya jingine. Sisi tulifanya nini? Tulikariri majibu ili tupewe kipaimara, na ukikosea neno moja unachapwa fimbo. Wakatoliki nao wasinicheke, maana mwongozo wao wa katekesi wa mwaka 1971 ulisema waziwazi kwamba katekesi ya watu wazima ndiyo iliyo kuu, na Papa Yohane Paulo wa Pili akalirudia mwaka 1979. Maaskofu wa AMECEA walichagua jumuiya ndogo ndogo katika miaka ya 1970, 1973 na tena 1976, ili majirani wakae pamoja, wasome Neno, waliunganishe na maisha yao. Wazo zuri ajabu, hata Waprotestanti tumeliiga.

Sasa nenda leo kwenye jumuiya, ya dhehebu lolote. Wimbo. Somo. Mtu mmoja anasema "somo limejieleza". Sala. Halafu linatoka daftari. Kuanzia hapo kila mtu anakuwa macho: nani kalipa mchango wa uaskofu, nani wa jengo, nani wa pole. Kama kungekuwa na ushindani wa namna hiyo katika kuuliza maana ya somo, tungekuwa na wanateolojia kila uchochoro.

Najua majibu nitakayopewa, nimeshapewa baadhi. La kwanza: watu hawana muda, ni msimu wa mpunga. Jamani! Watu haohao wana kamati za harusi. Kamati ya harusi hukaa kila Jumamosi kwa miezi mitatu, ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina, ina kumbukumbu za kikao kilichopita, na watu wanabishana kuhusu rangi ya vitambaa vya viti mpaka saa nne usiku. Muda upo. Mtu hupata muda wa jambo ambalo sauti yake inahesabika. Na tusisahau mwaka 2022, Dayosisi ya Konde ya KKKT ilipotikiswa na mgogoro ambao ndani yake kulikuwa na suala la kuhamisha makao makuu kutoka Tukuyu kwenda Mbeya. Huku kwetu hakukuwa na kijiwe, daladala wala kilabu ambako watu hawakuwa na hoja. Wengine walinukuu katiba ya dayosisi kwa vifungu! Kumbe tunaweza kusoma maandiko mazito na kuyajadili. Inategemea maandiko gani.

La pili: watu wa kawaida hawana elimu ya kuongoza mijadala, wataleta uzushi. Hili ndilo linaloniudhi hasa, maana nchi hii imeshalijibu. Mwaka 1970 Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Waulizeni wazazi wenu. Watu wapatao milioni mbili walikaa kwenye vikundi, wiki kumi na mbili, redio katikati, kijitabu mkononi, na kiongozi wa kikundi ambaye alikuwa mwanakijiji kama wao. Viongozi hao walifundishwa kazi, wapatao 75,000. Sikiliza redio, soma kijitabu, jadili: malaria hapa kwetu inatoka wapi? Tutafanya nini wiki hii? Kisha watu wakaenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Wengi wao ndiyo kwanza walikuwa wamejifunza kusoma. Ikiwa mkulima wa mwaka 1973 aliweza kujadili mbu na kinyesi akaondoka na uamuzi, leo mjukuu wake mwenye kidato cha nne na simu mkononi anashindwaje kujadili kitabu cha Ayubu?

Nasema Ayubu kwa makusudi. Mama mdogo hajawahi kusikia mahubiri ya Ayubu zaidi ya sura mbili za mwanzo na ile ya mwisho alipopewa mali maradufu. Katikati pale kuna sura zaidi ya thelathini za mtu mgonjwa akibishana na marafiki zake na Mungu kuhusu kwa nini anaumwa. Zimerukwa. Mtu mgonjwa wa Ngonga angezihitaji hizo kuliko zote.

La tatu, ambalo halisemwi kwa sauti: ukiwaruhusu waulize, watauliza na habari za pesa. Naam, watauliza. Haya, tuendelee.

Kwa sababu hatuna mahali pa kuuliza, tazama tunavyosombwa. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu kule Samunge, Loliondo, alisema ameoteshwa dawa, kikombe kimoja shilingi 500, kinatibu kisukari, presha, ukimwi, kila kitu. Nchi nzima ikahamia Loliondo. Foleni ya magari ikawa ya kilomita kwa kilomita, wagonjwa wakatolewa hospitalini na kupakiwa, wengine wakafia njiani. Walikunywa wakulima, wakanywa mawaziri na wabunge. Msiniambie basi ni tatizo la watu wasiosoma. Februari 1, 2020, uwanjani Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia mafuta ya upako. Na mwaka 2023 majirani zetu wa Kenya wakaanza kufukua makaburi ya Shakahola, Kilifi, miili zaidi ya 400, watu walioambiwa wafunge mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Kila mara viongozi wa makanisa makubwa wanatoa tamko la masikitiko: waumini wajihadhari na manabii wa uongo. Wajihadhari kwa kutumia nini? Kupambanua kunahitaji mazoezi, na mazoezi yenyewe hamkuwapa. Mtu aliyezoezwa kwa miaka arobaini kukaa kimya na kusema Amina, ukimpeleka kwenye hema atafanya nini zaidi ya kukaa kimya na kusema Amina?

Sasa tugeukie na sisi, maana naona mnatabasamu. Sisi wa mjini, wenye digrii na laptopu, tunaokwenda nyumbani Desemba tukasimama nje ya kanisa tukichezea simu mpaka sadaka ya pili. Tunapenda kuwacheka akina mama wa mafuta ya upako. Lakini wewe mwenyewe ambaye ni mhasibu, uliyesoma sheria, unayesoma vipimo vya hospitali, imani yako ina umri gani? Yangu ina miaka kumi na minne. Ilisimama pale pale nilipopigwa picha na gauni la kukodi la dada yangu likionekana nyuma. Kila kitu kingine kichwani mwangu kimekua, nimesoma Fanon, nimesoma katiba, nimejifunza kuhoji bajeti ya halmashauri mpaka mkurugenzi anatoka jasho, lakini nikiulizwa kuhusu maombi na ugonjwa najibu kama mtoto chini ya mwembe, au najibu kwa kejeli, ambayo ni njia nyingine ya kutojibu. Mama mdogo alipokuwa anaficha vidonge kwenye sanduku la vitenge, alinipigia simu. Hili sijalisema kwa mtu. Aliniambia, "mwanangu, nimeombewa." Nikasema, "hongera mama," kwa sababu nilikuwa kazini, na kwa sababu sikujua la kusema, na nikaona mambo ya imani za watu wazima si ya kuingilia.

Kwa hiyo, Baba Mchungaji, kama unasoma hapa (najua mwanao anasoma), madai yangu ni madogo. Sitaki semina, sitaki mgeni rasmi wala fulana zenye picha ya askofu. Punguza matangazo kwa dakika ishirini, majina ya wasiochangia yabandikwe ubaoni kama unaona lazima. Dakika hizo wape watu, wakae kwa makundi palepale, wageuze mabenchi watazamane, waulizane kuhusu mahubiri uliyotoka kutoa. Na wewe ukae nao, usisimame. Ukiulizwa jambo usilolijua, sema hulijui, tutakupenda zaidi. Na Jumatano ile iondoe ofisini, ipeleke kwenye nyumba za watu, kwa mzunguko, penye chai na mihogo, maana watu wetu hawawezi kufikiri vizuri wakiwa na njaa, na hapo sitanii.

Kabla sijapanda basi la kurudi mjini tulikubaliana na mama mdogo. Jumatano ya wiki ijayo, saa kumi jioni, nyumbani kwake, mikeka itatandikwa chini ya mwembe. Yeye hawezi tena kwenda mbali, na shangazi yangu atapika. Nilimfuata yule mzee wa kofia nyumbani kwake nikamwamkia, nikamwomba aje na swali lake la Kyala wa Ikombe. Alinikazia macho kwa muda, akauliza kama kutakuwa na maombi ya kufunguliwa. Nikamwambia yatakuwepo ya kuanzia na ya kumalizia tu. Akacheka, akasema ndaga fijo, atakuja, na ana maswali mengine mawili. Mwinjilisti naye kasema atajitahidi, ikiwa mtaa wa pili hautakuwa na msiba. Mchungaji nimemwandikia ujumbe tangu Jumatatu. Umesomwa, bado haujajibiwa.